Kuacha sigara hakumuui mzee

Wengi bado wanaamini kuwa aliyevuta sigara miaka 40 asiiache, eti mwili umeshaizoea na kuiacha ghafla kutamuua. Si kweli, na imani hii inawagharimu wazee wetu uhai.

Chanzo chake kinaeleweka. Wavutaji wengi huacha wakiwa tayari wanaumwa. Mmoja akifariki miezi michache baadaye, majirani hukumbuka kwamba aliacha sigara, wakasahau ugonjwa uliomfanya aache. Tena baadhi hukohoa zaidi wiki za mwanzo, kwa kuwa vinyweleo vya njia ya hewa, vilivyolemazwa na moshi, vinaanza tena kusukuma makohozi nje. Hasira, kukosa usingizi na hamu kali hutesa kweli, lakini haviui.

Kuanzia 1951, mtafiti wa Uingereza Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa kiume wa nchi hiyo kwa miaka 50. Walioendelea kuvuta walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta kabisa. Walioacha wakiwa na miaka 30 waliepuka karibu hasara yote, walioacha wakiwa na 50 walijiongezea kama miaka 6, na hata walioacha wakiwa na 60 walipata kama miaka 3. Miaka mitatu si midogo kwa babu anayetaka kumwona mjukuu akianza shule.

Mzee anayetumia dawa yoyote amweleze daktari kuwa anaacha, maana kipimo cha baadhi ya dawa huenda kikahitaji kubadilishwa.