Taji upande mmoja si muhuri wa Kaisari

Zimeniingia tena picha kwenye simu, na ujumbe ni uleule: "Nimepata muhuri wa Kaisari wa Bizanti." Bizanti ni ile Dola ya Kirumi ya Mashariki, na muhuri tunaouzungumzia ni kisahani kidogo cha risasi kilichofungia hati. Picha ni ya upande mmoja tu, ule wa mtu aliyevaa taji. Upande wa maandishi hakuna aliyejisumbua kuugeuza.

Sikilizeni basi. Kutoka karne ya 7 hadi ya 8 kuna mihuri mingi sana ya risasi yenye sura za makaisari ambayo haikutoka ikulu hata kidogo. Ni ya makomerkiario, maofisa waliosimamia maghala ya serikali mikoani. Walifanya kazi kwa mamlaka ya Kaisari, kwa hiyo wakaweka sura yake. Upande wa pili wakaandika jina la ofisa, cheo chake, na mara nyingi ghala na jimbo. Chukua mihuri ya Georgios ya mwaka 694/695. Mbele yupo Kaisari Justinian II, na tarakimu ya Kigiriki ya 8, yaani mwaka wa 8 katika mzunguko wa kodi wa miaka 15. Ukigeuza unamkuta Georgios, na mzigo unaotajwa ni watumwa wa Kislavi. Watu! Aliyeishia kwenye taji ameikosa habari yote.

Sisemi sura haina kazi. Mwaka wa 8 hurudi kila baada ya miaka 15, kwa hiyo tarakimu peke yake haikupi tarehe. Sura ya mtawala ndiyo hukuonyesha ni mzunguko upi. Kwangu mimi, ile sura ni kalenda kabla ya kuwa picha. Lakini usitegemee kuujua uso wake halisi humo: mchongaji alishughulika zaidi na taji, joho na tufe lenye msalaba, vitu vinavyosema huyu ni mtawala.

Na wale wanaogeukia upande mwingine kabisa, "ni risasi, basi hauwezi kuwa wa Kaisari", nao wamekosea. Makaisari walitumia risasi kwa barua nyingi. Dhahabu iliwekwa kwa hati nzito.

Kuhusu watakatifu, naambiwa kila mara kwamba aliyechorwa ndiye somo wa mwenye muhuri. Mara nyingine ni kweli. Lakini anayeonekana kuliko wote ni Bikira Maria, na wenye mihuri hiyo wengi ni wanaume: majenerali, maaskofu, makarani. Mtakatifu Nikola naye yumo kwenye mihuri ya watu wasioitwa Nikola. Walichagua mwombezi, na maneno yanayomzunguka huwa ni dua: "Mama wa Mungu, msaidie mtumishi wako." Hata wakati wa marufuku ya sanamu takatifu, ambayo iliisha kabisa mwaka 843, dua hiyo haikukoma. Ilifupishwa tu ikawa herufi zilizopangwa kwa umbo la msalaba. Kwa hiyo muhuri usio na uso wa mtakatifu usiuite wa kipagani.

Je, mihuri hii ilikuwa ya lakiri, ile nta ya kufungia barua? Hapana. Kisahani cha risasi kilikuwa na mfereji ndani, uzi wa hati ukapitishwa humo, kikabanwa katikati ya koleo la chuma lenye michoro kwenye taya zote mbili, kikapigwa nyundo. Pande zote mbili zikachapwa kwa pigo moja. Kama kipande chako hakina mfereji, huenda si muhuri bali ni kibati, yaani kipande chenye chapa mfano wa sarafu. Baadhi ya vibati hivyo viliandikwa maneno ya Mithali 19:17, kwamba amhurumiaye maskini humkopesha Bwana, na ndiyo maana huhusishwa na ugawaji wa sadaka.

Tafadhali, acheni limau na siki. Asidi huila risasi, na ule unga mweupe unaoujia baadaye ni maandishi yanayokufa. Osha mikono ukishaushika, weka taa ubavuni ili kivuli kiinue herufi, kisha nitumie picha za pande zote mbili. Ukituma ya taji peke yake, nitakujibu neno moja: geuza.