Unga wa kifusi cha zege kwenye simenti: nondo zitapona?

Watu wanatuuliza sana kuhusu hii habari ya kusaga zege la zamani, kulipitishia hewa ya kaboni halafu kulichanganya kwenye simenti mpya, na mafundi ndo wanashtuka zaidi maana wao wanajua kaboni ni adui wa nondo. Kweli ni adui, ila inategemea imeingia lini.

Iko hivi. Zege likishaganda linabaki na chokaa ndani, pH yake (kipimo cha asidi, kikipanda juu ya 7 ndo asidi hamna) inakuwa 12 na kitu, na humo nondo haipati kutu. Sasa kaboni dayoksaidi ya hewani ikipenya miaka na miaka inaimaliza ile chokaa, pH inashuka chini ya 9, kutu inaanza, na kutu huwa inavimba, ndo unaona ule ufa umenyooka kufuata nondo kwenye nguzo halafu zege linabanduka. Wa Kigamboni na Msasani wanaujua vizuri, na kule kuna chumvi ya bahari juu yake.

Kwenye kifusi ni tofauti. Hapa tunaongelea ule unga wenye simenti ya zamani, kokoto weka pembeni. Ukiutumia hivyo hivyo unanyonya maji balaa na nguvu ya zege inashuka. Ukiupa kaboni kwanza, kiwandani, ukiwa na unyevu kiasi, unapata kalsiamu kaboneti laini inayoziba vitundu, na silika (madini kama ya mchanga) ambayo ikikutana na chokaa ya klinka mpya, yaani yale mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa simenti, inatengeneza gundi nyingine. Vitundu vikiwa vidogo maji na chumvi vinapita kwa shida. Na kwa kuwa unga unachukua nafasi yake, klinka inapungua, ambayo inachomwa kwenye nyuzi kama 1450 na zaidi ya nusu ya kaboni yake inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe, so hata tanuru likitumia gesi ya Songosongo bado inatoka tu.

Ila hakuna cha bure. Klinka ikipungua na akiba ya chokaa inapungua, kwahiyo jengo likishasimama kaboni ya hewani inaweza kupenya haraka zaidi. Kwa tofali, plasta na pevingi mimi sina wasiwasi kabisa, hamna nondo mle. Kwa nguzo na bimu, hasa karibu na bahari, hapo usilete ubahili: biskuti za kushikilia nondo, zinazoacha zege la kuifunika, ziwe za milimita 40 mpaka 50, siyo vijiwe mnavyookota site, na zege limwagiliwe siku 7 au zaidi (najua, kesho yake tu fundi keshahamia kazi nyingine).

Na tafadhali msianze kusaga vifusi vya Kariakoo wenyewe mkachanganya na mfuko wa simenti. Vifusi vingi vina jipsam ya dari, ile ina salfeti, ikiingia kwenye zege inalivimbisha kwa ndani mpaka linapasuka, hata kama nondo hazina kutu.