Aliyepunguzwa tumbo haishi kwa uji

Barazani Mombasa, toka Mji wa Kale hadi Likoni, utasikia: fulani kapunguzwa tumbo (kafanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili apungue uzito), sasa ni uji mpaka kufa. Si kweli. Vinywaji na vyakula laini ni vya wiki za mwanzo tu, kidonda cha ndani kipate kupona. Baada ya miezi miwili hivi, wengi hurudi kwenye chakula cha kawaida, ila kwa kipimo kidogo.

Tena uji mtamu ndio usiofaa kutegemewa. Mwili unataka protini, takriban gramu 60 hadi 80 kwa siku, na uji umejaa wanga na sukari. Kwa aliyeunganishwa utumbo upya (chakula kikaruka sehemu ya tumbo na utumbo), sukari nyingi yaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Bora kipande cha samaki changu, yai, au mbaazi (tui lisiwe zito, wapishi mtanisamehe). Protini iliwe kwanza. Wali ungoje, kama nafasi imebaki. Maji yanywewe nusu saa baada ya kula.

Kinachodumu maisha ni vidonge: vitamini B12, madini ya chuma, kalisiamu, pamoja na kupima damu mara kwa mara. Hayo barazani hayatajwi.