Kushuka kwa volti: umeme uliomo kwenye betri na usiofika kwenye taa

Kushuka kwa volti ni upungufu unaotokea kila mkondo wa umeme unapopita mahali penye ukinzani, yaani panapouzuia mkondo usipite kwa urahisi, iwe ni ndani ya waya, kwenye maungio, kwenye swichi au chini ya bolti iliyoshika kutu. Volti inayopungua hapo hugeuka joto papo hapo, na kifaa kilichoko mbele, iwe taa, honi au stata, hupokea kile kilichobaki. Kila gari lina upungufu huo kwa kiasi kidogo. Katika gari la zamani, hasa lile lililokaa miaka mingi Mikindani au Shangani, pwani ya Mtwara, likipigwa na upepo wa bahari, upungufu huo ndio chanzo cha hitilafu nyingi ambazo wenye magari huziita kwa jina moja tu, betri mbovu, kisha wakanunua betri nyingine na gari likabaki vilevile.

Hesabu yake ilielezwa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti inayopotea ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Taa kubwa mbili za wati 60 kila moja, katika gari la volti 12, huvuta ampea (kipimo cha mkondo) 10 kwa pamoja. Maungio yenye ukinzani wa omu 0.2 (omu ni kipimo cha ukinzani), kiasi ambacho mita nyingi za bei nafuu haziwezi kukisoma kwa uhakika, yatakula karibu volti 2, na kwa kuwa nuru ya balbu ya waya hupungua kwa kasi kuliko volti yenyewe, taa hizo zitabaki na nusu hivi ya mwanga wake. Stata ni mlaji mkubwa zaidi. Ikivuta ampea 200, ukinzani wa omu 0.005 tu unatosha kuipokonya volti nzima. Taa ndogo ya dashibodi, ambayo haivuti hata nusu ampea, itaendelea kung'aa vizuri kana kwamba hakuna tatizo lolote.

Hapo ndipo fundi asiye makini anapopotea. Huzima kila kitu, huweka mita kwenye waya wa stata, husoma volti 12.6 na kutangaza kwamba umeme unafika. Kipimo hicho ni sahihi lakini hakijibu swali, kwa sababu pasipo mkondo hakuna volti inayopotea, hata kama ndani ya waya umebaki uzi mmoja wa shaba. Kamba ya jahazi iliyooza ndani nayo huonekana nzima mpaka tanga lijae upepo. Kwa hiyo kushuka kwa volti hupimwa gari likiwa kazini: ncha moja ya mita huwekwa kwenye kichwa chanya cha betri, ya pili kwenye bolti ya stata inayopokea waya mnene, kisha mtu wa pili anapiga stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, upande huo una tatizo. Baada ya hapo ncha huhamishiwa kwenye kichwa hasi cha betri na kwenye chuma kitupu cha injini, na hapo hata volti 0.3 ni nyingi.

Kipimo hiki cha pili ndicho kinachorukwa mara nyingi, nacho kwa maoni yangu ndicho kingetangulia. Umeme wa gari huenda kwa waya na kurudi kwa chuma cha gari lenyewe, njia ambayo mafundi huiita ethi. Land Rover za zamani, ambazo bado zinaonekana kusini, zina bodi ya aloi ya alumini iliyofungwa juu ya chesisi ya chuma cha kawaida, yaani chuma kinachoshika kutu. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa polepole na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme vizuri, na ni juu ya unga huo ambapo taa ya nyuma inategemea kupata ethi yake. Gari la namna hiyo likikaa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, huchelewa kufika hali hiyo. Vumbi lina madhara yake, lakini halifanyi kazi ya chumvi.

Ethi mbovu huwa na dalili za ajabu. Ukikanyaga breki, taa ya indiketa inawaka kwa ufifi, kwa kuwa mkondo uliokosa njia ya kurudi unajipitisha kwenye balbu jirani. Dalili mbaya zaidi ni waya wa choki (ule wa kuvuta kwa mkono unaotoka dashibodi hadi kwenye kabureta) kupata moto wakati wa kupiga stata: mkanda wa ethi unaounganisha injini na chesisi umekatika, na ampea zote zinarudi kupitia waya mwembamba ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya kushika chochote, angalia ni kichwa kipi cha betri kilichofungwa kwenye chesisi. Magari mengi ya Uingereza yalifungwa ethi kwenye chanya hadi katikati ya miaka ya 1960, na anayefunga alteneta au redio ya kisasa bila kulitazama hilo huiunguza mara moja.

Tiba yenyewe ni ya jasho kuliko fedha: fungua bolti, sugua pande zote mbili kwa msasa mpaka metali ing'ae, kaza upya na pakaa grisi juu yake ili mvua za Desemba hadi Aprili zisiingie. Kwa taa kubwa, ambazo katika magari hayo mkondo wake wote hupita kwenye swichi iliyochakaa, ni bora kufunga rilei, yaani swichi ya sumaku inayoamrishwa kwa mkondo mdogo, ili swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuiamrisha rilei tu. Kisha rudia kipimo kilekile, mahali palepale, taa zikiwa zimewashwa. Kilichosomeka volti 2 sasa kisomeke chini ya nusu volti, na kama hakikushuka, maungio uliyosafisha hayakuwa yenye kosa.