MaikroRNA si vijidudu

Siku hizi hapa Tanga, ikitajwa kansa ya figo kwenye baraza za Ngamiani, hakosekani mtu wa kusema mgonjwa "ameingiwa na maikroRNA". Juzi nimeisikia tena, kwa kijana anayesomea uuguzi akimweleza shangazi yake anayeuguliwa na mume. Shangazi akauliza kama atenge vyombo vya mzee. Hapo nikaona niandike.

MaikroRNA ni kipande kifupi cha RNA, molekuli jamaa ya DNA, chenye urefu wa herufi 22 hivi, kinachotengenezwa na seli zetu wenyewe. Hunasa mRNA, ile inayobeba maagizo ya jeni, ikaizuia kutoa protini au ikasababisha ivunjwe. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliieleza mwaka 1993 kwa kuchunguza mnyoo mdogo, wakapata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024.

Kwa hiyo mwenye figo nzima anazo, na haziambukizi. Vyombo visitengwe.

Kinachobadilika kwenye kansa ni kiasi chake, na kupungua kunadhuru sawa na kuzidi. Hili ndilo watu hawalishiki. Chukua familia ya miR-200 (miR ni kifupi cha maikroRNA), yenye miR-200c na miR-141 ndani yake. Kazi yake ni kuzibana ZEB1 na ZEB2, protini ambazo zikiachiwa hupunguza E-kadherini, gundi inayoshikanisha seli. Katika kansa ya figo ya seli angavu, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, miR-200c na miR-141 hushuka. Gundi hulegea, seli zikaachana, zikapata nguvu ya kupenya mishipa ya damu hadi mapafuni na mifupani. Sasa maikroRNA hizi tunazilaumu kwa lipi? Tunazionea.

Zipo zinazozidi, kweli. miR-21 ikizidi huikandamiza PTEN, protini inayozuia seli kukua ovyo. miR-210 nayo hupanda, lakini tazama inavyopanda: mara nyingi jeni ya VHL, inayozidhibiti protini za HIF, imeharibika kwanza, protini hizo za kukabili uhaba wa oksijeni zikarundikana, seli ikajiendesha kana kwamba imekosa oksijeni. Hapo ndipo miR-210 inapoongezeka. Imefuata uharibifu uliokwisha kuanza.

Basi tuseme "maikroRNA fulani imepanda" au "imeshuka", na tuitaje ni ipi. Kama hatuijui, tuseme tu "kansa ya figo". Mgonjwa na wanaomuuguza wataelewa.