Kwa nini kidonda cha Buruli hakina kipimo cha dakika 15 kama malaria?

Mwenye homa hudungwa kidole zahanati, tone dogo la damu, mikrolita 5 hivi, huwekwa kwenye kile kipimo cha plastiki, na baada ya dakika 15 au 20 mistari imeshajibu. Mwenye kidonda cha Buruli, ugonjwa wenye jina la eneo la Uganda, husubiri sampuli yake isafirishwe hadi maabara yenye mashine ya PCR, inayopasha na kupoza sampuli kwa zamu ili kuzidisha vinasaba vya bakteria hadi waonekane. Kwa nini?

Kipimo cha malaria hunasa protini ambayo vimelea huimwaga kwenye damu. Bakteria wa Buruli, Mycobacterium ulcerans, hujificha kwenye mafuta ya chini ya ngozi, na wanachomwaga ni mikolaktoni, sumu ya jamii ya mafuta. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu kimoja mahususi, za kuweka kwenye mstari wa kipimo hupatikana kwa kumchanja mnyama kile kinachotafutwa. Mikolaktoni ni ndogo mno kuishtua kinga, tena inadhoofisha seli zilezile za kinga. Watafiti wa Uswisi ilibidi waunde umbo lake lililopunguzwa, lisilo na sumu, na kulipachika kwenye protini kubwa, ndipo panya wakatoa kingamwili.

Udogo huo una usumbufu mwingine. Protini kubwa hushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja. Molekuli ndogo ni vigumu kushikwa hivyo, kwa hiyo mara nyingi hutumika mtindo wa kushindania nafasi, ambapo mstari ukififia ndiyo ugonjwa upo. Mhudumu aliyezoea "miwili anao, mmoja hana" atasoma kinyume. Isitoshe, mikolaktoni hung'ang'ania plastiki na huharibiwa na mwanga wa jua.

Kupima kingamwili za mgonjwa mwenyewe? Majirani wasio na kidonda nao wanazo.

Njia ya vinasaba iitwayo LAMP inatia moyo zaidi: joto moja tu, karibu nyuzi 65, na kemikali zinaweza kukaushwa zisihitaji friji. Kinachokwamisha ni kutoa na kusafisha DNA, maana mabaki ya damu huzuia mmenyuko.

Na sampuli mbovu haiokolewi na kipimo chochote. Katikati ya kidonda mna nyama iliyokufa. Kijiti cha pamba kipitishwe chini ya kingo zilizoliwa kwa ndani, kikizungushwa mzunguko mzima. Uvimbe usiopasuka hufyonzwa kwa sindano nyembamba.