Hisia na ishara katika mchoro wa kifungo

Anayesoma mchoro kuhusu kifungo hukutana na mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hisia ni hali inayokuingia kabla hujauliza lolote: unyonge, kubanwa, uchovu. Ishara ni kitu kilichochorwa kikabeba maana zaidi ya umbo lake. Hisia huletwa zaidi na rangi, mwanga na nafasi. Ishara huhitaji kutetewa kwa ushahidi.

Chukua mchoro wa mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh wa wafungwa wanaozunguka uani, wa mwaka 1890, ambao sasa uko katika Makumbusho ya Pushkin, Moscow. Aliuchora akiwa mgonjwa katika hospitali ya akili huko Saint-Rémy, Ufaransa. Tukio lenyewe hakulibuni. Alilitoa kwenye picha ya kuchapwa ya msanii Mfaransa Gustave Doré ya 1872, inayoonyesha gereza la Newgate, London. Ila picha ya Doré haikuwa na rangi. Rangi ni za Van Gogh mwenyewe, na nadhani hapo ndipo hisia ilipozaliwa: bluu na kijani vya baridi vimetapakaa ukutani hadi kwenye nguo za wafungwa.

Hata hivyo, usikimbilie kusema bluu ni huzuni. Juni 1889, katika hospitali hiyohiyo, alichora usiku wa nyota uliojaa bluu, na hakuna anayehisi kubanwa akiutazama, kwa kuwa mbingu imechukua sehemu kubwa ya turubai. Katika ua wa gereza mbingu haionekani hata kipande. Kuta zimepanda mpaka ukingo wa juu. Rangi ileile, nafasi tofauti.

Sasa ishara. Juu ukutani kuna vipepeo wawili weupe, wadogo kiasi kwamba wengi huwapita. Wengi wakishawaona husema “uhuru” na kufunga mjadala. Tazama walipo: juu ya vichwa vya watu wanaofuatana kwenye duara, wala hakuna anayewaangalia. Tafsiri nzuri lazima ieleze na hilo.

Halafu kuna mfungwa wa mbele asiye na kofia, nywele zake hafifu, uso kaugeuzia upande wetu. Husemwa sana kwamba ni Van Gogh mwenyewe. Huenda, lakini wasifu wa mchoraji usikufanye uache kutazama. Hata usipomjua mchoraji, mtu yule bado anakutazama, na ili akutazame hivyo, lazima nawe uwe umesimama ndani ya ua.